Vijana wa programu, jina na alama si kazi ya jioni moja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa hapa Mwanza wanaotengeneza programu, hasa hivi viendelezi vinavyoongezwa kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti kwenye kompyuta. Mimi ni mchora mabango, Kirumba. Nachora maduka na saluni, na majina kwenye mbavu za mitumbwi pale Mwaloni. Kompyuta si fani yangu, lakini jina na alama ndivyo vinavyonilisha.

Hivi karibuni vijana wawili wa mtaani kwetu waliniletea kazi yao. Wametengeneza kiendelezi kinachozuia picha na video nzito zisifunguke mpaka uziruhusu, ili bando lisiishe mapema. Kwa mwanafunzi anayenunua kifurushi cha siku huo ni msaada mkubwa. Walibakiza jina na alama tu, wakataka nimalize jioni ileile, usiku wapandishe.

Alama waliyokuja nayo ilikuwa Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, jua linazama nyuma yake, mtumbwi mbele na sangara anaruka. Ikiwa kubwa inapendeza. Lakini duka la viendelezi la kivinjari cha Chrome linataka alama ya pikseli, yaani vidoti vya kwenye kioo, 128 kwa 128, na kule juu ya kivinjari alama hiyo inaweza kushuka hadi 16 kwa 16. Nikachukua karatasi ya grafu, nikapiga mraba wa vyumba 16 kila upande, nikawaambia wachore humo kwa kujaza vyumba. Jiwe likala nusu ya nafasi, jua likabaki vyumba vichache, sangara hakuonekana kabisa. Halafu jiwe lile kila mtu analo. Mwenyewe nimelichora kwa wenye hoteli, wauza simu na mafundi magari, na mpita njia halimwambii unauza nini.

Majina yao yote yaliishia na Pro au Plus. Mmoja akasema basi tuite Kibubu. Nikakataa, maana mtu akisikia Kibubu atauliza hela zinawekwa wapi. Tukafika kwenye Chujio, maandishi yapite na mizigo mizito ibaki. Tukachora chujio la chai linavyoonekana kwa juu, duara na mpini. Likishushwa hadi pikseli 16 linakuwa kioo cha kukuzia, alama ambayo wote tunajua ni ya kutafuta! Ikabidi tuligeuze ubavu: nusu duara, mpini, na tone moja chini. Rangi tukaweka ya chungwa, kwa kuwa wengine kivinjari chao ni cheupe na wengine wameweka cheusi.

Wale vijana wakanieleza kwamba hata Firefox, kivinjari kingine, ilianza mwaka 2002 ikiitwa Phoenix, ikaitwa Firebird mwaka 2003, na mwaka 2004 ndipo ikapata jina la sasa. La kwanza lilikuwa na mwenyewe, la pili lilikuwa linatumiwa na mradi wa hifadhidata. Kwa hiyo litafuteni jina dukani kabla ya kupandisha, na BRELA, wanakosajili majina ya biashara, pia kama mnakusudia biashara. Na msitangulize jina la kivinjari mbele ya lenu kana kwamba wenye nacho ndio waliowatuma.

Walimu wa kompyuta vyuoni, nawaomba muwape wanafunzi siku za kutosha kwa kazi hii na muiwekee alama za mtihani kama mnavyofanya kwa uandishi wa programu yenyewe. Watoke na karatasi, waingie steshenari yoyote, wamwonyeshe mtu asiyejua habari zao ule mchoro mdogo na kumuuliza anaona nini. Jina walitamke kwenye simu kwa ndugu aliye Sengerema, aliandike, wao waangalie kama amepatia herufi. Na sisi wachoraji tupo, Kirumba, Igogo, hadi Buhongwa. Waje kazi ikiwa bado mbichi.

Mchora mabango,
Kirumba, Mwanza