Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliye Trabzon, Uturuki

Assalaam alaykum, mdogo wangu.

Shangazi ameniambia unaoa. Nimesikia kwa shangazi, si kwako, ila hongera ni hongera. Anasema binti ni wa huko huko, na kwamba mkweo ametundika bendera ya Trabzonspor, timu ya mpira ya mji huo, kwenye roshani na haishuki, mvua ama jua. Nilicheka peke yangu jikoni. Umeupata ukoo uliokuwa ukiutafuta.

Nakuandikia hapa penye macho ya watu kwa kuwa simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma unanyamaza. Hapa najua utasoma mpaka mwisho, utake kujua nimekusema vipi.

Mama ameniasa nianze na mazuri. Basi nianze na baba. Timu yako hakuna aliyeielewa hapa nyumbani kama yeye. Ulikuwa mwaka wa kwanza chuoni, unalalamika mvua ya Bahari Nyeusi haikatiki, halafu ukaanza kumsimulia ya mwaka 1967: jinsi timu mbili za mji, İdmanocağı na İdmangücü, zilivyokuwa hazipikiki chungu kimoja, mji umepasuka nusu kwa nusu, mpaka walipoketi pamoja na Karadenizgücü na Martıspor wakaunda timu moja. Rangi za zamani zikawekwa kando, wakachagua damu ya mzee na buluu. Baba akawakumbuka watani wetu wa hapa Tanga, akauliza, "Yaani Coastal na African Sports waungane?" Ukamwambia ndivyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapa Tanga pangechimbika." Tangu siku hiyo ikawa timu yake ya pili.

Unajua kwa nini. Mtu aliyeiona Coastal Union inachukua ubingwa wa 1988, Simba na Yanga wote wako nyuma, haelezwi maana ya Trabzon mara mbili. Ulipomwambia kwamba wamepanda ligi kuu 1974, na msimu wao wa pili tu, 1975–76, wakatwaa ubingwa ambao hakuna klabu ya nje ya Istanbul iliyowahi kuugusa, alikuita urudie. Sita ndani ya misimu tisa, mpaka 1984! Vijana wengi wa mji wenyewe, kocha Ahmet Suat Özyazıcı wa hapo hapo, golini Şenol Güneş. Na ile ya 1976 ya kuifunga Liverpool moja bila pale Trabzon. Kwamba Anfield walipigwa tatu baba hakujali. Alichoshika ni kwamba Liverpool hao hao ndio waliolibeba kombe la Ulaya msimu ule. Kila aliyepita barazani kununua vocha alisimuliwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo baba alikuwa akilisema ukishakata simu. Alikuwa akisema, "Huyu mtoto amechukua na vinyongo vyao."

Mwaka 2011 wewe ulikuwa Tanga, mdogo wangu. Umevaa kaptula ya shule. Hukuwa na habari na Trabzon. Lakini mtu akikusikiliza ukihadithia ule msimu atadhani ulinyang'anywa kiwanja cha urithi. Najua hesabu yake kwa moyo, umeniimbia vya kutosha: pointi 82 kwa 82, Fenerbahçe wa Istanbul bingwa kwa sababu ya mechi mlizokutana, nyinyi mliwafunga tatu kwa mbili Trabzon, wao wakawafunga mbili bila Istanbul. Halafu Julai 3 polisi wakaanza kukamata watu kwa tuhuma za kupanga matokeo, mwenyekiti wa Fenerbahçe akiwa mmoja wao. Akahukumiwa, kesi ikarudiwa, akaachiwa. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, waliifungia Fenerbahçe, lakini ubingwa wa Uturuki haukuhamishwa. Nyinyi mkapeleka malalamiko kila mahali, mpaka Uswisi kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na mkarudi mikono mitupu.

Nilikuwa nakuonea huruma kweli, hasa kwa ajili ya Şenol Güneş. Mtu amekuwa golini ubingwa wote sita, halafu anakuja kuwa kocha, 1996 anatangulia kuifunga Fenerbahçe nyumbani kwake kabisa, anafungwa mawili, ubingwa unaondoka. Anakaa miaka kumi na mitano, anarudi kwenye benchi, ubingwa unaondoka tena, na ni kwa hao hao. Huyo ana haki ya kukasirika. Wewe hasira uliikodi.

Ndiyo maana ulitutia aibu Samatta alipokwenda Fenerbahçe 2020. Nchi nzima ilivaa manjano na buluu nyeusi. Binamu zako wakaweka picha kwenye grupu la familia, na wewe ukaandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, ukatoka kwenye grupu. Kwa mtoto wa Mbagala! Baba alikuwa akiuliza kila siku, "Amesharudi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Ulirudi baada ya Samatta kuondoka, ukatuma picha ya samaki wa kukaanga kama vile hakuna kitu.

Hayo yote ni utani na ningeyaacha. Nisiloweza kuliacha ni usiku wa Aprili 30, 2022.

Wewe unaujua usiku ule kwa jina lingine, najua. Trabzonspor na Antalyaspor, mbili mbili, pointi moja iliyokuwa ikitosha, na miaka 38 ikaisha. Mimi naujua kwa jina la hitma ya baba. Kumi la mwisho la Ramadhani, watu wametoka tarawehe, ukumbi umejaa hadi kibarazani. Masheikh wameshamaliza juzuu, wanaingia kwenye dua. Mama akaniambia, mpigie, naye asikie dua ya babake. Uturuki na Tanga saa ni ile ile moja, nikajua hujalala. Nikaweka sauti kubwa, nikailaza simu juu ya mkeka, kati ya chetezo na sahani ya tende, karibu na goti la shehe.

Ulipokea haraka. Lakini hukusema haloo. Zilitoka honi, fataki, maelfu ya watu wakiimba, na sauti yako juu yao imekauka: "Şampiyon! Şampiyon!" Shehe akanyanyua kichwa. Mikono ya watu iko juu, hawajui waishushe. Mama, ambaye sikio lake moja halisikii vizuri, akaniuliza, "Kuna harusi?" Nikamwambia ndiyo mama, kuna harusi. Nikazima.

Siku ya pili ulinitumia maneno: "Dada, miaka thelathini na nane." Basi. Baba hana hata juma kaburini.

Wasomaji wangu mtasema mtoto alikuwa na uchungu, kila mtu analia kwa njia yake. Nimeshaambiwa, na shangazi ndiye kinara wa maneno hayo. Hayanipunguzii kitu. Mimi ndiye niliyemtazama shehe usoni.

Na sasa nasikia ukweni umewaeleza kwamba hukuja mazikoni kwa sababu dada yako hakukusubiri. Hebu tuweke sawa hapa hapa. Baba alifariki alfajiri. Wewe uwe Trabzon, ushuke Istanbul, upate ndege ya Dar, kisha basi mpaka Tanga. Hata ungekuwa na tiketi mfukoni, na hukuwa nayo, ungefika siku ya pili usiku. Baba mwenyewe alikuwa akisema, nikifa asubuhi mchana niwe nimeshalala. Ulikuwepo akiyasema. Maiti haisubirishwi kwenye jokofu kwa sababu mtoto yuko mbali, na waliokuwa karibu ndio waliomuosha, waliobeba jeneza, waliopika, waliolipa deni la dukani. Mimi ndiye niliyewatafuta wachimba kaburi mchana wa saumu. Nani kati yetu alistahili kulalamika? Nami sikumlalamikia mtu. Nilikaa kimya mpaka uliponitaja kwa wakwe.

Nilitaka kukupa nasaha kabla hujaingia kwenye ndoa, kwamba chuki ulizozikuta kwa watu si lazima uzibebe, na zako mwenyewe uzihesabu upya kila baada ya muda. Lakini naona nimeanza kujitetea. Wacha nijitetee. Nimekaa na mama, nimekaa na nyumba, nimekaa na maswali ya majirani kuhusu wewe, na kila anayeuliza nilimjibu kuwa mdogo wangu ni mhandisi, yuko Uturuki, anatukumbuka.

Mama anakuja. Paspoti yake imetoka, nimemshonea na koti, maana hajui baridi. Mimi nitamsindikiza kwa kuwa hawezi kubadilisha ndege Istanbul peke yake, usidhani nimekuja kuomba radhi. Nitakula hiyo hamsi yenu, dagaa wa Bahari Nyeusi, nitacheza na wakwe, na mkweo akinivisha skafu ya damu ya mzee na buluu nitaivaa, kwa heshima ya baba.

Tuma tarehe kwa namba yangu, si kwa shangazi. Na uangalie ratiba ya ligi kwanza: kama wikiendi hiyo Fenerbahçe wanakuja Trabzon, sogeza harusi mbele, maana najua utakuwa wapi.

Dada yako.