Kijana wangu anaisoma nusu tu ya maisha ya daktari huyu

Shangazi,

Ni saa tisa usiku na usingizi umenikataa. Ni kijana wangu, anayesomea udaktari na kucheza raga, na anayenitoa roho alikufa zamani: Thomas Crean wa Dublin, daktari na mchezaji wa raga. Nikitaja mitihani tu, jibu ni "Mama, mbona Crean aliweza?" Picha yake ameibandika juu ya ratiba ya wodi, na chini yake tarehe moja: 18 Desemba 1901. Anapofungia kitabu ni hapo.

Usidhani sijui ninachokisema. Crean aliichezea Ireland mechi 9, mchezaji wa mbele, akiwemo kwenye kikosi cha 1894 kilichowapiga England, Scotland na Wales msimu mmoja. Alikuwa bado mwanafunzi, na hapo kijana ananishinda, sina la kumjibu. Mwaka 1896 akaenda Afrika Kusini na timu ya Visiwa vya Uingereza: mechi 21, wakafungwa 1 tu, ile ya mwisho dhidi ya timu ya taifa huko Cape Town. Wenzake wakapanda meli kurudi, yeye akabaki Johannesburg kufanya kazi ya udaktari.

Vita vya Makaburu vilipoanza 1899 aliingia upande wa Waingereza kama askari wa kawaida, baadaye akawa daktari wa kikosi. Tarehe hiyo ya ukutani alikuwa akifunga majeraha ya watu mstari wa mbele, adui yuko yadi 150, kama mita 137. Chukua uwanja wa raga, goli hadi goli, ongeza theluthi na kidogo. Akapigwa risasi, hakuacha. Aliacha alipopigwa ya pili, wakadhani hatapona. Victoria Cross yake, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, siibishii.

Ila kwa nini asome nusu? Raga ile haikulipa. Agosti 1895 klabu za kaskazini mwa England zilijitenga na chama cha raga kwa sababu wachezaji wao, watu wa migodini na viwandani, walitaka kufidiwa ujira wa siku ya mechi, wakakataliwa. Ulikuwa mchezo wa wenye kwao. Sisi tuna kwetu gani?

Halafu ile nusu anayoiruka. Crean alifungua kliniki London, akarudi vitani Vita Kuu ya Kwanza, 1915 akapata nishani nyingine, DSO, kisha afya ikamwacha. Mwaka 1922 mahakama ilimtangaza muflisi. Machi 1923 kisukari kikamuua, hajafika miaka 50. Insulini ilikuwa imeanza kudungwa mgonjwa kule Toronto Januari 1922 tu! Najua, kisukari hakiletwi na skramu, kule kusukumana kwa raga, wala madeni. Usinijibu hilo, nimeshajiambia mwenyewe.

Ukurasa wenye nusu hiyo nimeuchapisha, uko chini ya mto wangu wiki ya pili. Nikiubandika pale ukutani, ataona namwombea mabaya? Au niache, maana hata nami sina hakika nataka aache raga, au nataka tu asome hadi mwisho. Anasoma nusu, Shangazi. Mtu atakayekuja kusoma faili za wagonjwa!

Na asije akasema nauchukia mchezo wake. Njumu anazovaa nilinunua mimi, na Jumamosi ana mechi, soksi nimeshazianika.

Mama asiyelala