Kilimia juu ya Vumawimbi

Wete, Pemba

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, natumai wewe na ahli yako hamjambo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Nakuandikia ningali na usingizi wa juzi, kwani nachelea nikikawia yatanitoka mengi niliyoyaona.

Tulikuwa watu tisa tuliokwenda kutazama nyota, usiku usio na mwezi wa mwisho wa Rajabu. Tuliupita msitu wa Ngezi kabla ya magharibi, tukatua ufuo wa Vumawimbi, na darubini yetu ya kioo cha inchi 8 tukaiweka juu ya kiweko alichokichonga seremala wa hapa Wete. Tochi tulizifunga kitambaa chekundu, maana jicho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na mwanga wa simu moja tu huiharibu kazi yote hiyo.

Tulianza na Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuja kututazama tu, alihesabu nyota sita kwa macho yake, akatukumbusha neno la wahenga: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kisha akainama, akashika magoti, akaweka jicho kwenye lenzi. Alinyamaza muda mrefu, mpaka dunia kwa mzunguko wake ikakitoa Kilimia kwenye duara, nami nikakirudisha; ndipo aliposema kwa sauti ndogo, "Kumbe zote hizi zilikuwamo!" Nikakumbuka kwamba Galileo naye, yule mwanafalaki wa Italia, alipokielekezea darubini yake, alichora nyota 36 zaidi ya zile sita, akazichapisha mwaka 1610, na mshangao wa watu hawa wawili, kwangu mimi, ni mmoja.

Saa nne Jabari, lile kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, alikuwa utosini kabisa, kwa kuwa lile wingu la gesi na vumbi lililo chini ya mshipi wake hupita karibu sawasawa juu ya Pemba. Ni fahari, lakini pia ni taabu, maana darubini ya namna yetu ikisimama wima hugoma kugeuka, na tulihangaika sana. Tulipolipata, lilionekana kama moshi wa kijivu uliotanda, na katikati yake nyota nne ndogo zilizobanana. Nuru ile imesafiri miaka 1,340 hivi: iliondoka huko katika karne ya kwanza ya Hijra. Sayari ya Mshtarii na miezi yake minne mikubwa sikuelezi, kwani umekwisha kuiona.

Saa nane umande uliziziba lenzi, wala hatukuthubutu kuzifuta kwa khanga, kwa kuwa chumvi ya bahari huzikwaruza. Tukakaa mchangani tukiitazama nyota ya Suheli juu ya minazi, na mzee akitueleza mabaharia walivyokuwa wakiishikia usukani.

Njoo mwisho wa Shaabani, kabla haujaandama mwezi wa Ramadhani, na usiisahau ile lenzi yako pana, ili Kilimia kienee chote. Mzee ameahidi kuja na wajukuu wake.

Wasalaam,
Nduguyo wa Wete