Risala ya Wahitimu wa Darasa la Saba kwa Mgeni Rasmi, Ukerewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, walimu, wazazi na walezi wetu, shikamooni.

Awali ya yote, pole na safari. Kutoka Nansio umekula vumbi, kisha ukapanda mtumbwi, na ziwa leo halikuwa na simile.

Mheshimiwa, watoto hapa hawajakosa kuandikishwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati baadhi ya wazazi wetu ndio walikuwa darasani. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukaondoa na michango ya lazima, na matunda yake tumeyala sisi. Ila watoto waliongezeka, vyumba vikabaki vilevile. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa chumba. Sisi tulipokuwa darasa la nne tulisoma chumba kimoja na darasa la tatu, tumepeana migongo, ubao mbele na ubao nyuma. Mwalimu wa hesabu akiuliza upande huu, jibu lilitokea upande wa pili.

Hilo tumelizoea. Linalotuumiza ni giza.

Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi za sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu na wavuvi wanapumzika. Mwalimu wa taaluma alituonyesha rejista: wiki za mbalamwezi imejaa, wiki za giza ina mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Mitumbwi inatia nanga alfajiri, dagaa wanataka kuanikwa, na mikono ya kuanika ni yetu. Mtihani wa moko, ule wa majaribio, mwaka huu uliangukia kwenye giza. Matokeo yake unayo.

Mwenzetu mmoja, wa dawati la dirishani, alikuwa anaingia saa nne, mchanga viganjani, harufu ya dagaa ikimtangulia mlangoni. Darasa la tano alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Kambi ilipohama kufuata samaki, naye akaondoka, bila barua ya uhamisho. Kwenye rejista ameandikwa mtoro. Neno hilo, kwa kweli, halimfai.

Chakula nacho. Waraka uliwaachia wazazi sare, madaftari na chakula. Mahindi yalichangwa, sufuria ikachemka muhula mmoja, kisha ikapoa. Wanaotoka mbali wanashinda na michembe, viazi vitamu vikavu, mfukoni.

Mheshimiwa, wazazi wamesomba mawe na mchanga hadi boma la darasa limefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Linasubiri bati, na sasa limeota majani ndani. Tunaomba bati. Tunaomba pia uwakutanishe wenye kambi, viongozi wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, na kamati ya shule, wakubaliane kwamba saa za masomo mtoto wa shule hashiki chanja cha kuanikia dagaa. Bati zikija peke yake, darasa litakuwa jipya na rejista itabaki ileile.

Leo tupo katikati ya giza. Jioni ukishuka mwaloni kupanda mtumbwi, utawakuta wadogo zetu wa darasa la sita wanakusanya dagaa. Tumewaambia wasikimbie wakikuona.

Tunaomba kuwasilisha.