Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa: majina ya askari polisi waliofia kazini

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, kamwene.

Ninakuandikia nikiwa mkazi wa Kihesa, Manispaa ya Iringa, na nina ombi moja: mkoa wetu uwe na jiwe lenye majina na vyeo vya askari polisi waliofariki wakiwa kazini hapa, pamoja na wazaliwa wa hapa waliofia kazini kwingine, na majina hayo yasomwe kwa sauti kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa.

Baba yangu mdogo alikuwa koplo wa usalama barabarani. Aligongwa na lori lililofeli breki akiwa amesimamisha magari ili wanafunzi wavuke, asubuhi ya ukungu mzito ambao sisi watu wa nyanda za juu tunaujua. Tulimzika kijijini, Kilolo. Fundi aliandika kwenye msalaba kwa msumari, saruji ikiwa bado mbichi, na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu aliandika jina na mwaka tu, cheo kikaachwa. Mama mdogo anaitunza kofia yake nyeupe pamoja na filimbi ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati, na kila masika yakiisha huitoa na kuianika isiote kuvu. Zaidi ya kofia hiyo, hakuna mahali palipoandikwa kwamba marehemu alikufa akiwa amevaa sare ya Jamhuri.

Mheshimiwa, Iringa inajua kutunza kumbukumbu. Hapa mjini yapo makaburi ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na yanatunzwa hadi leo, zaidi ya miaka 100 baadaye. Kule Lugalo upo mnara wa Wajerumani waliouawa na jeshi la Mkwawa tarehe 17 Agosti 1891. Sioni kwa nini mtoto wa Kilolo au Mufindi aliyekufa akilinda raia wenzake akose hata mstari mmoja kwenye jiwe la kwao.

Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa Jaribu, wilayani Kibiti, gari lao liliposhambuliwa wakitoka lindo, na nchi nzima ilisikitika. Nimewauliza vijana wengi mtaani kwetu: wanaikumbuka idadi, "wale wanane", lakini sijampata hata mmoja aliyeweza kunitajia jina. Hilo ndilo linaloniuma, maana idadi haina mama wala watoto. Na kama wale walioombolezwa na taifa zima wamebaki kuwa idadi, askari aliyekufa peke yake kando ya barabara amebaki kuwa nini?

Nchini Marekani, kwenye ukuta wa kumbukumbu ya polisi waliofia kazini uliozinduliwa Washington mwaka 1991, majina mapya huongezwa kila mwaka, na hayapangwi kwa vyeo, hivyo konstebo anaweza kukaa kando ya mkuu wake. Sisi hatuhitaji ukuta wa gharama kama ule. Mawe tunayo, na mafundi wa kuyachonga tunao.

Najua wapo wananchi wenye malalamiko yao dhidi ya polisi, na wana haki ya kusikilizwa kikamilifu. Ombi langu haliwanyamazishi hao, kwa kuwa ninawasemea waliokufa wakitenda kile ambacho sote tunataka polisi akitende.

Kazi inaweza kuanza kwa orodha. Ofisi ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa ina kumbukumbu zake, na watendaji wa vijiji na kata wanazifahamu familia, hasa zile za zamani ambazo wajane wake wamezeeka. Naomba wajane hao waulizwe mapema, tena waulizwe wao wenyewe jinsi majina ya waume zao yanavyoandikwa. Mama mdogo yuko tayari kuja na kofia ile pamoja na kitambulisho cha kazi cha marehemu, ili safari hii cheo kisiachwe.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kihesa, Iringa