Watoro wa Juba nao waingie darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako. Watoto wetu wakifundishwa habari za utumwa, masimulizi ni yaleyale: misafara kutoka bara, soko la Mkunazini, kisha Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, analifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Mtumwa hukamatwa, huuzwa, hukombolewa; yeye mwenyewe hafanyi lolote. Mimi nafundisha somo hili na jambo hilo linaniuma, maana tunao watu wetu waliojikomboa wenyewe, watumwa wa Kizigua waliotorokea mto Juba huko Somalia, na wajukuu zao wako Handeni.

Miaka ya 1830 njaa kali iliipiga Uzigua. Wengi walishuka Pwani kutafuta chakula, wakaangukia mikononi mwa wafanyabiashara, wakapakiwa majahazini na kuuzwa kwenye mashamba ya kusini mwa Somalia. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mganga, Wanakhucha, aliyewaongoza kutoroka. Nia ilikuwa kurudi Uzigua kwa miguu. Walipofika mto Juba wakaweka makazi msituni, mahali ambapo wafugaji waliogopa kuingiza ng'ombe kwa sababu ya mbung'o. Mdudu huyo ndiye aliyekuwa boma lao! Wakafyeka, wakalima, wakajitawala. Watoro wengine wakazidi kumiminika: Wayao, Wamakua, Wanyasa. Nassib Bundo, Myao, akawa kiongozi wao mkubwa, hadi Wataliano walipomtia gerezani, na humo akafia mwaka 1906.

Wenzao wengi walihamia kwenye lugha za Kisomali, lakini Wazigua hawakuiacha lugha yao. Vita vya Somalia vya 1991 vilipowatawanya, baadhi walikimbilia Tanga, wakapewa ardhi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia wa Tanzania. Zaidi ya miaka 150 ilikuwa imepita, na bado waliweza kuzungumza na wenyeji kwa Kizigua. Sijui ushahidi gani mwingine tunaungoja.

Jamaica imempa Nanny, kiongozi wa watoro wa milimani, heshima ya shujaa wa taifa, na sura yake imo kwenye noti ya dola 500. Wanakhucha sijawahi kumkuta katika kitabu cha kiada nilichofundishia.

Naiomba Taasisi ya Elimu iwape watu hawa sura yao katika somo la historia. Na maofisa utamaduni wa Handeni waende Chogo na vinasa sauti sasa hivi, kwa wazee waliozaliwa Juba, wachukue nyimbo, majina ya koo na habari za safari ile.

Mwalimu wa historia,
Korogwe