Hukumu ya kifo haijawaondoa vijana wa panga mitaani

Mhariri,

Kila vijana wa panga wanapovamia watu hapa Kisauni, viongozi hutoka na kauli ile ile: sheria iwe kali zaidi. Nami nina sababu ya kuwa na hasira. Mdogo wangu alikuwa dereva wa tuktuk. Usiku mmoja alibeba abiria watatu, wote vijana wadogo, na walipofika penye giza wakamkata panga mkono wa kulia, wakachukua simu na pesa za siku nzima. Mpaka leo hawezi kukunja ngumi. Tuktuk ameshairudisha kwa mwenyewe.

Lakini sheria hiyo inayotakiwa iwe kali zaidi, itakuwa kali kupita ipi? Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachohusu wizi wa kimabavu, kinasema ukinyang'anya mtu ukiwa na silaha hatari, au ukiwa na mwenzako hata mmoja, au ukimpiga au kumjeruhi, adhabu ni kifo. Kifungu cha 297(2) kinatoa adhabu hiyo hiyo kwa aliyejaribu akashindwa. Ukishatimiza miaka 18, sheria haitaki kujua kama wewe ndiye uliyeshika panga au ulisimama kando ukiangalia njia. Kilichoibwa kikiwa gari au simu ndogo ya kabambe, ni mamoja.

Na hakuna anayenyongwa. Kenya ilinyonga mtu mara ya mwisho mwaka wa 1987. Mwaka wa 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha, na mwaka wa 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wengine 2,747. Kwa hivyo kijana wa miaka 19 husomewa hukumu ya kifo isiyotekelezwa, akaingizwa jela kungoja huruma ya rais ambayo hajui itamfikia lini.

Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji, Mahakama ya Juu iliamua kwamba si haki kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo bila kupima mazingira ya mshtakiwa. Ikaorodhesha mambo ya kupimwa, na la kwanza kabisa ni umri. Yanafuata mengine, kama vile iwapo ni kosa lake la kwanza, iwapo anajuta na iwapo anaweza kurekebika. Tulifurahi mapema. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi ule unahusu mauaji peke yake. Matokeo yake ni kwamba aliyeua anaweza kusikizwa na kupewa kifungo cha miaka, na aliyepora bila kuua amewekewa kifo kwenye kitabu. Tena anayeshtakiwa kwa mauaji hufikishwa Mahakama Kuu, akatafutiwa wakili na serikali asipokuwa naye. Wizi wa kimabavu husikizwa na hakimu, na wengi wa vijana hawa hujitetea wenyewe, wasijue hata namna ya kumhoji shahidi.

Pale Shimo la Tewa jambo hili unaliona kwa macho. Kuna gereza kuu, na kuna taasisi ya Borstal, ya kuwarekebisha wavulana waliokosa. Mwenye miaka 17 anaweza kupelekwa Borstal kwa muda usiozidi miaka mitatu, afundishwe kazi. Mwenzake waliyekuwa naye usiku ule ule, aliyetimiza 18 mwezi uliotangulia, anasomewa kifo. Na mitaani kwetu wako watoto wasio na cheti cha kuzaliwa, ambao umri wao hukadiriwa na daktari kwa kutazama meno na mifupa.

Linaloniuma zaidi ni jinsi ukali huu unavyoua kesi zenyewe. Huku aliyeporwa na aliyepora mara nyingi wanajuana, au mama zao wanajuana. Mtu akishikwa, wazee huja usiku nyumbani kwa aliyejeruhiwa: "Mwanetu, amekosa, lakini utakubali damu yake iwe juu yako?" Kwetu walikuja. Walikaa barazani mpaka usiku wa manane, na mama yetu akalia pamoja na mama wa yule kijana. Ingekuwa miaka kumi jela, mdogo wangu angesimama mbele ya hakimu bila kusita. Kwa kifo alishindwa. Shahidi asipokuja, kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, kisha inafutwa, na kijana anarudi mtaani bila adhabu yoyote. Watu wakichoka na hayo, wanamchoma kwa tairi anayefuata kushikwa.

Sisemi waachiliwe. Aliyemkata mtu panga aende jela, na aende kwa miaka inayoeleweka. Shida ni kwamba kifungu cha 296(1), cha unyang'anyi usio na silaha, mwenzako wala kujeruhi, kinaishia miaka 14, na ukitoka hapo unakutana na kifo moja kwa moja. Katikati hamna kitu. Bunge liondoe ulazima wa kifo katika vifungu vya 296(2) na 297(2) na kumpa hakimu nafasi ya kupima. Kwa mshtakiwa wa kati ya miaka 18 na 25, hakimu asitoe hukumu kabla ya kusoma ripoti ya afisa wa probesheni aliyefika mtaani, akaongea na chifu, na mzazi, na jirani, na aliyeumizwa. Huyu wa mwisho asisahauliwe. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inampa haki ya kusikizwa, na korti ina uwezo wa kuamuru alipwe fidia. Mdogo wangu hajalipwa hata senti ya dawa.

Wabunge wetu wa Pwani hufika haraka kwenye mazishi na kwenye kamera. Mswada wa kurekebisha vifungu hivi wanaweza kuuandika wao wenyewe, bila kungoja serikali, na kabla hawajarudi kutuomba kura mwaka wa 2027 tungependa kuuona.

Mkaazi,
Kisauni, Mombasa